Dubrovnik: mji uliojua kungojesha meli

Lango la Pile ni jembamba. Unavuka kwanza daraja la mawe, kisha kipande cha daraja la mbao ambacho zamani kilivutwa juu kwa minyororo kila usiku, halafu unapita chini ya sanamu ya Mtakatifu Vlaho, msimamizi wa mji, ndipo unashuka na kuingia ndani ya kuta. Walilijenga hivyo kwa makusudi, adui asije akaingia kwa wingi.

Majira ya joto ya mwaka 2016, wingi uliingia. Siku moja ya Agosti watu zaidi ya 10,000 walimiminika katika mji mkongwe wa Dubrovnik, kusini kabisa mwa Kroatia, kwenye ukingo wa Bahari ya Adriatiki. Barabara yake kuu, Placa, ambayo wenyewe huiita Stradun, ina urefu wa mita 300 hivi. Kuta zinazouzunguka mji mzima hazifiki hata kilomita mbili, ni mita 1,940. Ingiza watu 10,000 humo, wengi wao kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa kali na mawe meupe ya chokaa yakirudisha joto usoni. Wanaotoka na wanaoingia wanakutana kifua kwa kifua pale darajani, na mama wa mji aliyebeba kikapu kutoka sokoni hana pa kupita.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara kwa namna moja: mji mzuri ulizidiwa na meli za kitalii, akaja meya, meli zikapunguzwa, mambo yakatengenea. Hadithi hiyo si ya uongo, ila imekatwa katikati. Meli zilipunguzwa kweli, na kazi hiyo ilifanywa kwa ustadi wa kuigwa. Lakini waliokuwa wakiishi ndani ya kuta hawakuondolewa na meli. Waliondoka polepole, nyumba moja baada ya nyingine, kwa sababu ambayo haina honi wala moshi.

Tuanze na mji wenyewe, maana Dubrovnik ilikuwa dola kabla ya kuwa mahali pa likizo. Kuanzia mwaka 1358 hadi 1808 hii ilikuwa Jamhuri ya Ragusa, nchi ndogo yenye mabaharia wengi na askari wachache. Iliwalipa masultani wa Osmani ushuru wa kila mwaka, nao wakairuhusu kufanya biashara ndani kabisa ya Balkani, huku ikiendelea kuuziana bidhaa na Wakristo wa magharibi. Kiongozi wao, knez, alikaa madarakani mwezi mmoja tu. Mwezi huo alihamia katika jumba la serikali, wala hakutoka humo ila kwa shughuli za dola. Juu ya mlango wa ukumbi wa baraza walichonga maneno ya Kilatini yanayowaambia wajumbe wasahau mambo yao binafsi na kushughulikia ya umma. Napenda kuyakumbuka maneno hayo kila ninaposoma habari za nyumba za kupangisha Dubrovnik, na nitayarudia.

Mwaka 1377 Baraza Kuu lilipitisha amri ambayo dunia nzima imeirithi. Tauni kubwa ilikuwa imefyeka Ulaya miaka thelathini hivi nyuma, na bado ilikuwa ikirudirudi. Ragusa ilikula kwa merikebu; kufunga bandari kungekuwa kujinyonga, na kuiacha wazi kungekuwa kujizika. Basi baraza likaamua kwamba atokaye mahali penye tauni asiingie mpaka akae kwanza siku 30 katika kisiwa kidogo cha Mrkan au katika mji jirani wa Cavtat. Muda huo baadaye ukaongezwa ukawa siku 40, na kutokana na neno la Kiitaliano la arobaini tukapata karantini. Majengo waliyoyajenga karne ya 17 kwa kazi hiyo, yaani Lazareti, yamesimama hadi leo upande wa mashariki, nje kidogo ya lango la Ploče.

Kwa hiyo mgeni alikaribishwa, ila saa ya kuingia ilipangwa na mji wala si na nahodha. Hilo ndilo jambo ambalo Dubrovnik ililisahau miaka ya 2000.

Ililisahau kwa sababu ya njaa, na njaa hiyo ilikuwa na chanzo. Enzi ya Yugoslavia, Dubrovnik ilikuwa kituo cha likizo kinachojulikana Ulaya nzima. Mji mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979. Wageni walikaa wiki moja au mbili katika hoteli za Lapad na Babin Kuk, mitaa iliyo nje ya kuta, au katika vyumba vya familia vilivyotangazwa kwa neno moja mlangoni: sobe, yaani vyumba. Mwenye nyumba alikuwa humohumo. Alikuamkia asubuhi, akakuuliza umelalaje, na ukirudi usiku wa manane ulinyata kwa kumheshimu.

Ndipo ikaja vita. Oktoba 1991 jeshi la Yugoslavia liliuzingira mji, umeme na maji vikakatwa. Tarehe 6 Desemba makombora yalinyesha tangu alfajiri. Kati ya majengo 824 ya mji mkongwe, 563 yalipigwa. UNESCO iliuweka mji katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka huo na kuutoa mwaka 1998, na mahakama ya The Hague baadaye iliwatia hatiani makamanda wawili kwa mashambulizi hayo. Ukipanda juu ya kuta leo utaiona vita kwa rangi: vigae vya zamani vimefifia na kugeuka rangi ya asali, vipya vimeiva wekundu. Vipya ni vingi kuliko vya zamani.

Mji uliotoka katika hali hiyo ulitaka kitu kimoja, wageni warudi. Hakuna wa kuulaumu. Meli za kwanza zilipotia nanga tena karibu na kisiwa cha Lokrum, zilikuwa ishara ya amani. Kila mwaka zikaongezeka. Kuanzia 2011 tamthilia moja maarufu ya runinga ya Kimarekani ilipigwa picha ndani ya kuta hizo, na watu waliokuwa hawajawahi kulisikia jina la Ragusa wakaja kutafuta ngazi walizoziona kwenye skrini. Mwaka 2016 abiria wa meli za kitalii pekee walikuwa karibu 800,000.

Hapa hesabu ni muhimu kuliko hasira. Ukigawanya 800,000 kwa siku 365 unapata watu wapatao 2,200 kwa siku, idadi ambayo mji ungeibeba bila kelele. Shida ilikuwa kwamba meli hazikuja kwa wastani. Januari karibu hakukuwa na hata moja, na Jumamosi ya Agosti ziliweza kuja nne. Meli moja kubwa hubeba watu 3,000 na zaidi. Kubwa kabisa hufunga Gruž, bandari iliyo kilomita tatu hivi kutoka mji mkongwe, na abiria hupakiwa mabasi yanayowashusha wote mahali pamoja, Pile. Zilifika asubuhi ileile na kuondoka jioni ileile. Hakuna aliyelipanga jambo hilo. Kila shirika la meli lilipanga ratiba yake, na ratiba hizo zikagongana langoni.

Na abiria hao walinunua nini? Chumba wanacho melini, chakula wameshakilipia. Mjini hununua aiskrimu, sumaku ya kubandika kwenye friji, pengine tiketi ya kupanda kuta. Aliyekuja kulala siku tano Lapad, akala samaki mara tano na kukodi mashua mara mbili, ndiye aliyekuwa akikimbizwa na msongamano wa hao. Mji ulikuwa ukimfukuza mteja wake bora ili umpishe aliye rahisi kumpata.

UNESCO ilishauri kwamba ndani ya kuta wasizidi watu 8,000 kwa wakati mmoja. Mwaka 2017 Mato Franković alichaguliwa kuwa meya na kuanzisha mpango alioupa jina Poštujmo Grad, tuuheshimu Mji. Watu wa Dubrovnik huuita mji mkongwe Grad tu, Mji, hata kama wenyewe wanaishi mita mia tano kutoka ukutani. Msomaji wa Unguja hahitaji kueleweshwa. Naye akisema anakwenda Mjini kila mtu anajua ni wapi.

Hatua zilizofuata zilikuwa za kawaida mno kuweza kusisimua gazeti, na ndiyo maana nazithamini. Kamera zilifungwa kwenye malango kuhesabu wanaoingia na wanaotoka, ili mji ujue saa kwa saa una watu wangapi. Vibanda vya kuuza zawadi vilipunguzwa, meza za mikahawa zilizokuwa zimetambaa mpaka katikati ya njia zikarudishwa nyuma. Mabasi yalitakiwa kuweka nafasi kabla ya kushusha watu Pile. Kisha ikaja kazi kubwa: jiji liliketi na umoja wa mashirika ya meli za kitalii, CLIA, na mwaka 2019 wakatia saini makubaliano. Meli zisizozidi mbili kwa wakati mmoja, abiria wasiozidi 4,000. Baadaye likaongezwa sharti kwamba meli ikae bandarini kwa muda usiopungua saa nane.

Sharti hilo la mwisho linaonekana kinyume. Kama tatizo ni watu wengi, mbona unawataka wakae zaidi? Kwa sababu anayekaa saa nne tu hana budi kukimbilia Pile mara anaposhuka, pamoja na wenzake wote. Aliyepewa saa nane anaweza kuanza na Lokrum, au kula chakula cha mchana Gruž, akaingia mjini alasiri jua likipungua. Abiria ni walewale, lango ni lilelile, ila hawafiki pamoja. Ni akili ya 1377 iliyovaa nguo nyingine: bandari iko wazi, lakini kila meli na zamu yake.

Jirani yake wa zamani upande wa pili wa bahari alichukua njia nyingine. Meli kubwa zilizuiwa kupita katika mfereji wa Giudecca wa Venice mwaka 2021, kwa amri ya serikali ya Italia, baada ya miaka mingi ya maandamano. Mwaka 2024 Venice ikaanza kumtoza mgeni wa siku moja yuro 5 kwa siku zilizoteuliwa. Kwangu mimi ada hiyo ni dhaifu kuliko ratiba ya Dubrovnik. Mtu aliyesafiri kutoka mbali hatarudi nyuma kwa sababu ya yuro 5. Atalipa, aingie, msongamano ubaki ulivyo. Dubrovnik nayo inatoza, na sana: kupanda kuta mwaka 2023 kulikuwa yuro 35. Lakini fedha hizo zina kazi inayoonekana. Kuta zinatunzwa na chama cha wapenzi wa mambo ya kale wa Dubrovnik kilichoanzishwa mwaka 1952, na mapato ya tiketi hurudi kwenye mawe na ngome.

Mwaka 2020 korona iliondoa meli karibu zote. Wenyeji wakaiona Stradun tupu katikati ya Julai, wengine wakashukuru kwa siku mbili tatu, kisha hofu ya mapato ikaingia.

Sasa tufike kwenye nusu ya hadithi iliyokatwa.

Mwaka 1991, kabla ya kuzingirwa, watu karibu 5,000 waliishi ndani ya kuta. Robo karne baadaye walikuwa karibu 1,500. Vita ilichangia, lakini wengi waliokimbia walirudi. Kilichowaondoa kabisa ni kwamba nyumba ilianza kulipa zaidi ikiwa haina mtu wa kudumu ndani yake.

Jiweke mahali pa familia. Nyumba ni ya marehemu bibi, nyembamba, ghorofa nne, ngazi zake za mawe zimechongoka kama za mnara. Gari halifiki mlangoni, na hakuna pa kuliegesha hata ungekuwa nalo. Friji ikiharibika, mpya inabebwa mgongoni kupanda vidato mia. Warithi ni ndugu wanne. Majira ya joto kelele za mikahawa hazikomi mpaka usiku sana. Anakuja mtu kuwaambia kwamba nyumba hiyohiyo, ikigawanywa vyumba vitatu na kuwekwa kwenye intaneti, itawaletea kwa wiki moja ya Agosti fedha ambazo mpangaji wa kawaida angewalipa kwa miezi. Wao watahamia vitongoji vya Mokošica au Lapad, kwenye lifti na maegesho. Ni nani kati yetu angekataa? Simwoni mkosaji katika familia hiyo, na ndiyo maana jambo lenyewe ni gumu. Meli ilikuwa na mwenye kuizuia. Uamuzi wa ndugu wanne mezani, nani atauzuia?

Lakini ukiukusanya uamuzi huo mara elfu, duka la kushona viatu linafungwa kwa sababu hakuna viatu vya kushona. Duka la vyakula linageuka duka la aiskrimu. Soko la asubuhi la uwanja wa Gundulić, ambako watu walinunua mboga, linajaza meza zake vifuko vya lavenda, tini kavu na maganda ya machungwa yaliyokaushwa kwa sukari. Hata mboga zikiwepo, wa kuzipika amehama. Mwalimu au muuguzi anayetafuta chumba anapewa mkataba wa Septemba hadi Mei, kisha anaambiwa afungashe vitu, msimu umefika. Kwa miaka mingi sheria ya Kroatia iliyapendelea mambo haya: aliyepangisha watalii alilipa kodi ya mkupuo kwa kitanda, kiasi kidogo, hata apate nini.

Linganisha hiyo na sobe ya zamani. Ile nayo ilikuwa biashara, na ilikuwa biashara nzuri. Tofauti ni kwamba mgeni alikuwa nyongeza juu ya maisha yaliyokuwepo. Sasa yeye ndiye maisha yote, na mlango unafunguliwa kwa tarakimu za siri zilizotumwa kwenye simu.

Meli zilizopunguzwa hazigusi jambo hili hata kidogo. Pengine zimelizidisha, kwa kuwa mji uliotulia unapendeza kulala ndani yake, na kitanda chake kinapanda bei. Njia nazo zimefunguka. Mwaka 1699 Ragusa iliwaachia Waosmani kipande cha pwani pale Neum ili kiwe kizuizi kati yake na Venice, na kwa sababu ya uamuzi huo mpaka leo Bosnia na Herzegovina ina kama kilomita 20 za bahari zinazoikata Kroatia vipande viwili. Aliyekuja Dubrovnik kwa gari alivuka mipaka miwili ndani ya nusu saa, akipanga foleni yenye jua kali. Julai 2022 daraja la Pelješac, mita 2,404, lilifunguliwa na kuuzunguka mpaka huo. Januari 2023 Kroatia ikaanza kutumia yuro na kuingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokagua pasipoti kwenye mipaka ya kati yao. Hayo yote ni neema kwa wakazi waliokuwa wametengwa na nchi yao. Ni neema pia kwa mgeni wa basi, ambaye kikomo cha meli hakimhesabu.

Mwaka 2023 habari zilienea duniani kwamba Dubrovnik imepiga marufuku masanduku ya magurudumu na itawatoza faini wanaoyakokota. Jiji lilikanusha, lilikuwa ombi katika kampeni ya kuwakumbusha wageni heshima. Watu wengi waliicheka habari ile. Mimi iliniuma. Sanduku linalogonga mawe saa tisa usiku ni kero kwa aliyelala, na wachache waliobaki wa kukerwa walikuwa wamefikia kulalamika hadharani. Kelele ile ndiyo sauti ya nyumba ya bibi ikibadilisha wapangaji.

Baada ya hapo jiji liligeukia nyumba, kwa kuchelewa. Mwaka 2024 lilisimamisha vibali vipya vya kupangisha watalii ndani ya mji mkongwe. Tangu Januari 2025 Kroatia ina kodi ya majengo inayomsamehe mwenye kukaa nyumbani kwake au kumpangisha mtu kwa muda mrefu, yaani mizani iliyokuwa imelalia upande wa mtalii imeanza kusogezwa. Jiji pia limeanza kununua nyumba ndani ya kuta ili lizipangishe familia changa kwa bei wanayoimudu. Hatua hii ya mwisho ndiyo ninayoitilia maanani kuliko zote. Kusimamisha vibali vipya kunalinda mizani ilivyo leo, na leo mizani ni mbaya; vibali vilivyokwisha kutolewa vinaendelea. Nyumba iliyonunuliwa na umma haiwezi kuwekwa tena kwenye intaneti na mrithi wa nne aliyeishiwa subira. Ni ghali, itakwenda taratibu, na kila mwaka kutakuwa na anayesema fedha hizo zingejenga barabara. Wale waliochonga yale maneno ya Kilatini mlangoni wangemjibu.

Mgeni akitaka kuona kama inafaulu, asiende Agosti. Aende tarehe 3 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Vlaho, ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi usioshikika mwaka 2009. Vijiji vya kandokando huingia na bendera zao, masalia ya mtakatifu hubebwa kuizunguka Stradun, na makoo hubarikiwa kwa mishumaa miwili iliyopishanishwa. Baridi ya bahari inapenya koti, meli hakuna, na mikahawa mingi imefungwa. Siku hiyo mji unajaa watu wake. Jioni bendera hukunjwa, na wengi wao hupita tena Pile kurudi Lapad, Gruž na Mokošica. Atazame wangapi wanabaki ndani, na madirisha mangapi juu ya vichochoro yanawashwa taa.